Mbwa wa Nyama Mbichi

Mimi si mwoga wa mbwa. Nalisema hilo mapema, maana wajukuu wangu wakinisikia nasimulia habari hii hucheka wakidai bibi yao alikuwa akikimbia hata mbwa wa kuchorwa. Waongo wakubwa. Kwetu Narung'ombe, kabla sijaolewa, mbwa walikuwapo shambani kila msimu wa mihogo na mahindi, kazi yao kufukuza nguruwe pori na nyani. Wembamba, masikio yametafunwa na nzi, chakula chao ukoko na pumba iliyokorogwa kwa maji ya kuoshea chungu. Ukiinama tu kama unaokota jiwe, hao! Mbwa kama huyo utamwogopea nini? Niliyemwogopa maishani mwangu ni mmoja, naye aliletwa na mume wangu mwenyewe, kwa mnyororo, kutoka Nachingwea.

Miaka ile Nachingwea ilifurika watu. Wazungu walikuja kulima karanga kwa matrekta, wakang'oa misitu na visiki vyake, wakajenga nyumba, na kila mwanamume mwenye nguvu wa pande zetu alikwenda huko kutafuta kazi. Mume wangu alikwenda ndoa yetu ikiwa bado changa. Akija nyumbani, watu wakimwuliza anafanya kazi gani, hujibu, "Niko nyumbani kwa bwana mmoja mkubwa." Basi wanamwitikia kwa heshima. Mimi ndiye niliyeambiwa ukweli, tena kwa kunong'ona: alikuwa akilisha mbwa.

"Unacheka nini?" akaniuliza.

"Sicheki."

"Unacheka. Ungeijua kazi yake usingecheka."

Na kweli ilikuwa kazi. Mbwa wa mke wa yule bwana hawakulishwa kitu kilichopita motoni. Nyama mbichi, mwenzangu, na damu yake. Ini, moyo, utumbo wa ng'ombe ambao haukuoshwa ukatakata, majani bado yamo ndani. Mifupa pia mibichi, kwa sababu, alisema yule mama wa Kizungu, mfupa uliochemshwa hupasuka ukawa kama vigae na kumchana mbwa matumbo. Siku nyingine yai bichi, linavunjwa juu ya nyama pamoja na ganda lake. Aliponifikisha kwenye yai nilishindwa, nikamwambia basi, inatosha. Sisi yai tulimwekea mgeni. Lakini yeye alikuwa ameyashika yote hayo kama mtoto wa chuoni anavyoshika juzuu, na alinieleza bila hata kutabasamu. Akimaliza kulisha huosha mikono mara saba, mara moja kwa udongo, kama dini yetu inavyotaka mtu akiguswa na mate ya mbwa. Viganja vyake vilipauka kama vya mpaka chokaa.

Halafu karanga zikakataa. Ardhi ngumu, mvua haifuati amri ya mtu, mashine zinakufa moja baada ya moja. Wazungu wakaanza kufunga mizigo. Yule mama akalia shingoni mwa mbwa wake mmoja aliyebaki, akamkabidhi mume wangu pamoja na mnyororo na karai la bati, akamwapisha amlishe vile vile alivyofundishwa. Naye akaapa. Mume wangu alikuwa na tabia hiyo, neno akishalitoa mbele ya mtu halirudi tena mdomoni. Akamkokota mbwa wake kwa miguu mpaka Chinongwe, kwao, ambako mimi nilikuwa nikiishi na mama yake.

Nilikuwa na mimba. Hapo ndipo penye habari yangu. Nilikwisha zaa mara mbili na kuzika mara mbili. Wa kwanza hakulia kabisa. Wa pili alilia vizuri, akanyonya, akanishika kidole, na kabla ya arobaini yake nikaamka asubuhi moja nikamkuta wa baridi ubavuni mwangu. Hii ya tatu niliibeba kama mtu mwenye mtungi kichwani anayepita kwenye utelezi. Sikutaka kitu kingine chochote duniani ila mtoto huyu akae. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nilishtuka kwa kila kitu, kwa bundi, kwa ndoto, kwa mtu aliyenitazama tumbo bila kusema mashallah. Sasa uwanjani kwangu kaingia mnyama mwekundu, kifua kama cha ndama, macho ya manjano, anayesikia Kiingereza tu. Mume wangu akimwambia "siti", anakaa. Mimi nikimfukuza kwa Kimwera ananitazama kama mjinga fulani anayepiga kelele.

Mama mkwe wangu alikuwa mkunga. Mwanamke mfupi, mdomo mkali, mikono laini ajabu. Watoto wengi wa upande ule walianza kushikwa na mikono hiyo kabla ya kushikwa na mama zao. Siku mbwa alipofika alitoka chumbani kwake, akamtazama mnyama, kisha akamtazama mwanawe.

"Hicho nini?"

"Mbwa, mama."

"Mbwa namjua. Nauliza hicho nini."

Akasonga ugali wa mtama, akaumwagia maji ya samaki mkavu, akauweka kwenye kigae. Mbwa akanusa, akageuza uso. "Atakula tu," akasema mama. "Njaa haina Kizungu." Thubutu! Jua lilizama, likachomoza, likazama tena, kigae kikajaa sisimizi, mbwa hakugusa. Mume wangu naye akawa hali chakula. Mwishowe akaenda Ruangwa, siku ya kuchinjwa ng'ombe, akarudi na ini limefungwa kwenye jani la mgomba.

Akalitia kwenye karai, akasema neno lake la Kizungu, mbwa akainama. Nilisikia kabla ya kuona. Ile sauti ya kitu kibichi kinachovutwa na kumezwa bila kutafunwa, bado inaniingia mgongoni mpaka leo. Alipomaliza akalilamba karai mpaka likasogea mchangani, kisha akainua kichwa na kunitazama. Hakunitazama usoni. Alinitazama chini kidogo, tumboni. Labda nilijidanganya, labda alikuwa anaangalia mikono yangu kama nina kingine. Lakini nilijifunika kanga yangu ya pili na kuingia ndani.

Mama alinifuata. Akafunga mlango.

"Kwetu mbwa hapewi kibichi," akasema. "Hata kichwa cha kuku hupita motoni kwanza. Mbwa anayekula cha moto anajua chakula kinatoka kwa mtu. Mbwa anayekula cha damu anajua chakula kinatoka kwenye damu. Na wewe mkamwana, karibu utamwaga damu katika uwanja huu."

Sikuhitaji kuelezwa zaidi, lakini wewe msomaji nitakueleza. Kwetu mtoto haji peke yake, huja na mwenzake, yaani kondo la nyuma. Mkunga hulichukua akalizika kama anavyozikwa mtu, kwa adabu, na kina kirefu. Likitulia ardhini, mtoto naye hutulia duniani. Mnyama akilifukua akalila, mtoto hakai. Hilo hakuna aliyelijadili. Lilijulikana kama inavyojulikana kwamba moto unaunguza. Na mbwa wetu wa ukoko, wanaotupiwa jiwe kila wanapochakura, hawakuwa na ujasiri wa kulifanya. Huyu je?

Nilimwomba mume wangu. Nilimwomba kwa maneno mazuri, nikamwomba kwa machozi, nikamnunia. "Mrudishe Nachingwea," nikamwambia. "Mpe mtu yeyote."

"Mpe nani? Nani atamlisha?"

"Basi mpe maini yake aende nayo!"

"Mke wangu, huyu kafundishwa. Hagusi kitu ambacho hakuwekewa kwenye karai lake. Nimekaa naye miaka, sijaona ameiba hata kipande. Na tazama shamba. Mihogo yetu imeguswa msimu huu?"

Haikuguswa, sitasema uongo. Nguruwe pori waliomaliza mashamba ya majirani walipita mbali na letu. Watu wakaanza kuja kumwazima mbwa, wakatoka naye kwa mikuki na nyavu. Nguruwe wakawa wanauawa. Na hapo ndipo tulipoponzwa, kwa jambo ambalo Mzungu asingelifikiria na sisi tusingeweza kulikwepa.

Nguruwe kwetu ni haramu, haliwi wala hashikwi. Akiuawa hufungwa kamba mguuni, akaburutwa mpaka korongoni, akaachwa. Mume wangu akaona nyama bure, mbichi, tele, na maini ya Ruangwa yalikuwa mbali. Lakini kumkata nguruwe vipande ampelekee mbwa kwenye karai? Astaghfirullah. Akaona njia nyepesi, akawa anamfungua mnyororo kule korongoni ajihudumie. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, yule mbwa akala nyama bila karai, bila neno, bila mkono wa mtu. Akajifunza upesi. Akajifunza pia kwamba nyama ikizidi inafichwa.

Nilikuwa nachambua mchicha mlangoni nilipomwona anaingia uwanjani amebeba mguu wa nguruwe, na kwato zake. Nikaganda. Alipita karibu yangu bila kunijali, akazunguka nyuma ya nyumba, na nikasikia kucha zikichimba. Mama mkwe alitoka mbio na mchi mkononi. Kelele alizopiga siku ile, Kimwera na Kiswahili vimechanganyika, zilileta watu kutoka ng'ambo ya bonde. Uwanja ukaoshwa, ukamwagwa udongo safi, ukaoshwa tena. Mume wangu aliutoa mguu ule kwa kijiti na kamba huku ameziba pua, na watoto wa jirani walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimetazama shimo. Lilikuwa safi, refu, kama lililochimbwa kwa jembe dogo.

Tangu siku hiyo mbwa akafungwa kwenye nguzo ya banda. Mnyororo wa Nachingwea ulikuwa imara, haukuwa na neno. Nguzo ya Chinongwe ilikuwa imeliwa na mchwa.

Nikajifungua mtoto wa kike, jua likiwa limepanda. Alilia. Mama akasema, "Huyu ana hasira kama bibi yake," akacheka, nami nikacheka nikilia. Kisha akachukua kile cha kuchukua, akakitia kwenye chungu kilichovunjika mdomo, akatoka. Ukutani palikuwa na tundu udongo ulipobanduka. Nikajikokota nikachungulia. Alichimba nyuma ya nyumba, karibu na ua wa bafu, akachimba mpaka mkono wake ukazama hadi begani. Akafukia, akaweka matawi ya miba, akaweka juu yake jiwe la kusagia lililopasuka. Upande wa banda mnyororo ulikuwa ukilia. Mbwa alikuwa amesimama, pua juu.

Siku zilizofuata sikujua usingizi ni nini. Mchana nilimshika mtoto huku jicho langu liko kwenye lile tundu. Mtoto akinyonya, nasikiliza mnyororo. Mnyororo ukinyamaza, naogopa zaidi. Mume wangu alikuwa akija mlangoni na kusema, "Amelala tu, mwenyewe nimemwona," kwa sauti ya kumtuliza mgonjwa, na mimi nilitamani kumrushia kitu. Maini aliendelea kuleta, akimlisha kwa karai, neno kwa neno kama alivyoapa. Mimi nilikuwa nikila uji na kisamvu.

Asubuhi moja niliamka nikasikia kimya. Nikatoka. Mama mkwe alikuwa ameinama jikoni akikoroga uji, amenipa mgongo. Mbwa amelala uwanjani, mnyororo wake umemfuata na kipande cha nguzo. Nilikwenda nyuma ya nyumba. Jiwe lilikuwa limelala upande. Miba imetawanywa. Udongo mwekundu, mbichi, umerushwa mpaka ukutani, na shimo tupu. Vipande vya chungu tu.

Sikupiga kelele. Nilirudi nikasimama nyuma ya mama. Yeye hakugeuka. Aliendelea kukoroga uji ambao ulikuwa umekwisha iva zamani.

Mume wangu alipoliona shimo, alikaa chini kama mtu aliyepigwa. Nikamwambia, "Yeye au mimi na mwanao." Hakubisha. Jirani yetu mmoja alikuwa na gobori. Mume wangu akafungua kile kipande cha nguzo kwenye mnyororo, akamwita mbwa kwa Kiingereza chake, na yule mnyama akaruka ruka akamfuata akidhani wanakwenda shambani. Mlio ulisikika upande wa korongo. Akarudi na mnyororo mtupu, akaosha mikono mara saba, polepole, akaenda kulala katikati ya mchana.

Nilidhani nitapumua. Kumbe ndiyo kwanza hofu yenyewe inaanza. Mbwa alikuwa amekufa, lakini alichokula hakikurudi. Nilimtazama mtoto nikamwona kama mtu aliyekuja kuaga. Nikamweka titi mdomoni, akavuta, akavuta, akaliachia akalia. Nikakamua kwa mkono, pakavu. Titi la pili, pakavu. Yarabi! Jana yake tu kanga yangu ilikuwa inalowa. Mama akanikanda kwa maji moto, akaninywesha uji wa pilipili manga, wapi. Tukajaribu maziwa ya mbuzi kwa kijiko, akayatapika. Kilio chake kikapungua kikawa kama cha paka mdogo, kisha hata hicho kikawa cha shida. Utosi wake ukabonyea. Wanawake walikuja kunitazama, wanakaa kidogo, wanasema kwa sauti ya chini, "Mungu ndiye mpangaji," wanatoka. Niliijua sauti hiyo. Nilikwisha isikia mara mbili. Walikuwa wamekuja kunipa pole kabla ya wakati, na mimi niliwapokea, ndiyo sababu bado inaniuma. Nilikuwa nimekwisha anza kufikiri atalazwa upande gani wa wenzake.

Basi mama mkwe akaingia. Akawatoa wanawake waliokuwamo, "Nendeni mkapike kwenu, hapa hakuna matanga." Akakaa mbele yangu kwenye mkeka, akanishika kidevu kama mtoto.

"Nisikilize, mkamwana. Mbwa hakula kitu."

Nikamtazama.

"Shimo lilikuwa tupu kabla hajalichimba. Nililihamisha. Nilipoona ile pua yake siku ile, nilingoja wote mmelala mchana, nikalifukua, nikalipeleka kwingine. Alichimba chungu kitupu, mpumbavu yule. Kondo la mwanao limetulia."

"Wapi, mama?"

"Mwiko. Anayehamisha hasemi wapi. Hata kusema kwamba nimehamisha ni mwiko, na nimeuvunja. Kama kuna cha kulipwa nitalipa mimi. Wewe nyonyesha."

Mume wangu alikuwa mlangoni. Alisikia yote. Sijamwona mtu mzima akigeuka rangi namna ile. "Mama," akasema, "ulijua? Ulijua, ukaniacha nikamwue?"

"Mbwa ni mbwa," akasema mama bila kumtazama. "Nenda Ruangwa ukalete ini. Ulilokuwa ukimpelekea yeye, leo mletee mkeo."

Alikwenda. Hakuaga, lakini alikwenda. Mama akalikata ini vipande vidogo, akalichemsha na vitunguu na tangawizi mpaka mchuzi ukawa mzito, akanisimamia nikanywa bakuli zima, kisha bakuli jingine. Nikalala. Nililala kama jiwe, usingizi wa siku zote zile ukaja kwa mkupuo. Nilipoamka, jua likiwa dirishani, kifua kilikuwa kizito na kanga imelowa. Nikamchukua mtoto. Mwanzo alivuta kwa uvivu kama asiyeamini. Kisha nikasikia koo lake dogo, kweche, kweche, anameza.

"Anameza?" mama akauliza kutoka nje.

"Anameza, mama."

Nilimsikia akikaa chini kwa kishindo, kama aliyekatwa miguu.

Mtoto akakaa. Akatambaa, akaota meno, akasimama kwa kushika ukuta. Baba yake hakumsamehe mama yake. Hakumtukana, hilo hapana, alimpelekea kuni, alimlimia, lakini maneno aliyomwambia kwa mwaka mzima ungeweza kuyahesabu kwa vidole. Kila alipoupita ule mnyororo wa mbwa alioutundika ukutani, alikunja uso. Mama aliyavumilia hayo yote kimya, yeye ambaye kimya hakikuwa kawaida yake.

Na kwa mtoto alikuwa kama ana wazimu. Akikohoa mara moja, mama anaacha kinu na mchi anakuja kumshika paji la uso. Akichelewa kisimani, mama yuko njiani. Alimlaza chumbani kwake, na zaidi ya mara moja nilimkuta alfajiri ameinama juu yake, kiganja mbele ya pua yake, anasikiliza pumzi. "Utamharibu huyu kwa kumdekeza," nikamwambia, na majirani wakamtania kwamba kapata mke mwenza uzeeni. Aliwajibu kwa matusi yake ya kawaida. Mimi nilishukuru. Nilikuwa nimeacha kuogopa kabisa. Nililima, nikauza ufuta gulioni, nikazaa wengine wawili, nikalala usingizi wangu.

Binti yangu alikuwa ameanza kung'oa meno ya utoto mama mkwe alipougua ugonjwa wa kumaliza. Alikauka, akabaki macho na mdomo. Nilikuwa namwosha miguu mchana mmoja, tuko wawili, nikaona nimwulize, maana tulikuwa tunataka kujenga jiko jipya.

"Mama, sasa niambie. Lile kondo ulilipeleka wapi? Nisije nikachimba msingi juu yake."

Akauvuta mguu mmoja kutoka majini.

"Kondo lipi?"

"La mtoto. Ulilolihamisha."

"Nani alilihamisha?" akasema. "Nililizika pale pale uliponiona unanichungulia. Asubuhi ile mimi ndiye niliyefika kwanza. Nilimkuta anajilamba."

Maji yalikuwa yakinichuruzika mikononi.

"Ungekufa naye," akasema. "Mwanangu alininunia, nikasema heri aninunie. Lakini mimi nilijua kilicholiwa. Kila siku niliyomwamsha nilisema leo ndiyo leo. Miaka yote hii, mkamwana. Kila siku."

"Mama, mbona mzima? Si unamwona ni mzima? Halikuwa kweli."

"Sijui," akasema. "Labda halikuwa kweli. Labda bado." Akafumba macho. "Mwangalie wewe sasa. Mimi nimechoka kuogopa."

Mtoto akaingia na kata ya maji ya bibi yake, anakohoa kwa vumbi la njiani. Akainama kuiweka chini, nami nikamdaka mkono kabla hajaniondokea. Akajaribu kuuvuta.

"Mama," akasema, "niachie. Unaniumiza."